Tumbo Linalouma Jumapili

Kila mwaka ninapowasimulia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza mkasa wa Kashasha, ukumbi mzima huangua kicheko. Siwalaumu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, mkoani Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa na hali ile. Walimu hawakuguswa. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, hawakuona sumu katika chakula wala maradhi ya kuambukiza katika damu. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikaenda nao vijijini.

Kinachosahaulika ni kwamba hapakuwa na furaha yoyote. Kicheko kilichanganyika na kilio, mahangaiko, na hofu kwamba kuna mtu anawafukuza. Walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, na kila binti aliyepata nafasi ya shule alibeba matarajio ya ukoo mzima. Wachambuzi wa baadaye wameutaja msongo wa mawazo kuwa chanzo, lakini dunia imeendelea kuuhesabu mkasa huu miongoni mwa vichekesho. Mimi nausoma kama taarifa ya watoto waliokosa mahali pa kusemea, miili ikasema kwa niaba yao.

Miili ya watoto wetu bado inasema. Mpwa wangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Kwa muda wa muhula mzima tumbo lilimuuma kila Jumapili jioni, likamuuma Jumatatu, likatulia kidogo kufikia Ijumaa. Dada yangu alimpeleka hospitali. Akapimwa malaria, taifodi, mkojo, choo, kisha vidonda vya tumbo. Akapewa dawa za minyoo mara mbili. Bibi yake akashauri aombewe, akaombewa. Mwishowe daktari mmoja kijana aliweka kalamu chini akamuuliza mama: “Wakati wa likizo tumbo humuuma?” Halimuumi. Akaandika barua ya kwenda kwa mwanasaikolojia.

Siku ya kwanza nilimsindikiza mimi, kwa kuwa dada alikuwa kazini. Nilitarajia kochi refu kama la kwenye filamu. Nilikuta mkeka, karatasi, kalamu za rangi, na mama wa makamo aliyevaa kitenge. Walichora kwanza, karibu dakika ishirini, bila maswali. Kisha nikaombwa kutoka. Nikiwa mlangoni nikamsikia mpwa wangu akiuliza swali lake la kwanza: “Mama, utamwambia mwalimu?” Akajibiwa kwamba siri yake ni yake, isipokuwa pakiwa na mtu anayemuumiza, au yeye mwenyewe akitaka kujiumiza. Hapo msaada utatafutwa, naye ataelezwa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Aliyoyasema humo ndani ni yake, sitayaandika. Naweza kueleza kazi iliyofanyika. Kwa wiki nane alifundishwa kuitambua hofu inapoanzia mwilini, kupumua polepole, kuandika jambo analoliogopa na kulipima ukubwa wake, kisha kulikaribia hatua kwa hatua. Alipewa mazoezi ya nyumbani, kama ya hesabu. Wazazi nao waliitwa mara mbili, na baba alitoka kikao cha pili akiwa kimya kuliko alivyoingia. Bima ya dada yangu ilikuwa imelipia vipimo vyote na dawa zote ambazo mtoto hakuzihitaji. Mazungumzo yaliyomsaidia haikuyalipia.

Tangu siku ile nalifikiria swali la mlangoni. Kwa nini mtoto, kabla ya kusema neno, aulize habari za mwalimu? Kwa sababu anaijua shule yake. Katika shule nyingi nilizozitembelea, mwalimu wa unasihi ni mwalimu wa somo mwenye vipindi vyake kamili, na mara nyingi ndiye huyohuyo wa nidhamu au wa zamu. Asubuhi anashika fimbo getini, mchana anatarajiwa kufunguliwa moyo. Fimbo ina kanuni zake tangu mwaka 1979: nani aidhinishe, viboko vingapi, viandikwe wapi. Sijaona shule yenye chumba ambamo mtoto anaweza kulia bila kuonekana na darasa zima.

Wahenga wetu waliliona jambo hili mapema. Pwani, msichana alikuwa na somo wake. Kwingine alikuwapo shangazi, mjomba, au bibi mwenye ruhusa ya utani. Mzazi aliamuru na kuadhibu, na mtu mwingine akasikiliza. Sisemi jando na unyago vilikuwa pepo, maana vilikuwa na ukali wake. Ila tulipohamishia malezi shuleni, tulihamisha amri na adhabu, yule msikilizaji tukamwacha kijijini.

Sheria nayo inaongeza woga. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtoto wa miaka 15 aliyenusurika anapaswa kupokelewa na muuguzi, na sheria inamfungulia mlango wa polisi. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Wanasheria wetu vijana wana kazi hapa.

Mwenzangu mmoja idarani hunijibu kwamba sisi tulichapwa na tukawa na shahada za uzamivu. Ni kweli. Waliochapwa wakaacha shule hawapo idarani kutoa ushahidi wao.

Jibu jingine ninalolisikia serikalini ni kwamba wataalamu ni wachache na ni ghali. Lina uzito, ila lisitumike kufunga mjadala. Kenya, mpango uitwao Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza sekondari, wakafundishwa kwa muda mfupi, kuongoza makundi ya wanafunzi mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusomea. Vijana hao hawatibu kila kitu. Mtoto anayebakwa nyumbani, au asiyelala kwa wiki tatu, anahitaji mtaalamu hasa. Lakini wengi wangesaidiwa kabla ya kufika huko, na Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14.

Wahitimu wa saikolojia na ustawi wa jamii tunawatoa kila mwaka. Baadhi yao hunisalimu wakiwa juu ya bodaboda. Ningeanza na mnasihi mmoja kwa kila kata, azungukie shule za msingi na sekondari kwa zamu, asiguse fimbo, na awajibike kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri badala ya mkuu wa shule. Awe na chumba chenye mlango unaofungwa.

Mpwa wangu alimaliza vikao vyake mwezi uliopita. Darasani kwao wako wanafunzi zaidi ya hamsini, na hakuna aliyewahi kuwauliza hao wengine iwapo matumbo huwauma wakati wa likizo.