Kasha la Amana na Mwenye Ufunguo



Wasomaji wapenzi, kila nyumba ya pwani ilikuwa na kasha lake. Mlitiwa humo hati za shamba, vito vya arusi na mengine yasiyopasa kuonwa na kila mpita njia. Siku hizi sehemu kubwa ya amana zetu ni picha na sauti, na kasha lake ni kompyuta. Ndiyo sababu mwalimu wa madrasa ninathubutu kuandika juu ya mfumo endeshi.

Nyumbani kwetu tuna amana mbili. Ya kwanza ni kanda kumi na moja za sauti ya marehemu mama yangu, alizokuwa akimpelekea dada yake Maskati badala ya barua. Ya pili ni picha za arusi za binti zetu, upande wa wanawake, ambazo mke wangu hataki zikae katika mashine za kampuni asiyoijua. Sitara haina mbadala. Basi tukaafikiana kuweka seva ndogo: kompyuta kuukuu yenye diski mbili, iliyounganishwa na ruta kwa kebo, ambayo simu za watu wa nyumba huifikia na za nje haziifikii. Swali likawa, iendeshwe na mfumo gani?

Kompyuta hiyo ilikuwa na Windows 10. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ambayo mashine yetu haina. Mfumo usiozibwa tena mianya yake ni mlango wenye komeo bovu.

Nikageukia programu huria, ambazo hupatikana bila malipo na msimbo wake u wazi kwa atakaye kuukagua. Moyo wangu uliielekea FreeBSD, iliyochipuka katika kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutoka mara ya kwanza mwaka 1993. Kilichonivuta ni ZFS, utaratibu wa kuhifadhi faili uliobuniwa na Sun Microsystems. Diski huweza kuharibika kimyakimya, chembe moja ya faili ikageuka asijue mtu. ZFS huweka hesabu ya uhakiki kwa kila fungu la data, na kila lisomwapo huhesabu upya. Hesabu zikitofautiana, na nakala nzima ipo katika diski ya pili, hulitengeneza. Aliyelelewa kusoma mbele ya mwalimu, akisahihishwa herufi kwa herufi, hakosi kuupenda utaratibu huo.

Upande wa pili palikuwa na Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka huohuo wa 1993, na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian tangu 2004. Ubuntu ina kampuni nyuma yake. Debian hutunzwa na watu wa kujitolea. Toleo thabiti la Debian hutoka takriban kila miaka miwili na huangaliwa kwa takriban miaka mitano. Katika muda huo halibadilishwi ovyo, ila huzibwa mianya na kurekebishwa kasoro. Wapendao mapya huiona nzito. Kwa kasha, utulivu ndio sifa.

Nilimweleza mke wangu habari za ZFS kwa shauku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Baba watoto, ukisafiri, au ukitangulia mbele ya haki, nani atatufungulia?”

Swali hilo lilikata shauri. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuigusa FreeBSD. Lakini binti yetu wa pili alisoma Linux chuoni, na mpwa wangu hutengeneza kompyuta mjini. ZFS yaweza kutiwa katika Debian pia, ila kwa sababu ya leseni haiji pamoja na kiini cha Linux. Hujengwa kando, na kiini kibadilikapo hujengwa tena. Hilo ni jambo moja zaidi la kuangaliwa na mjane au yatima. Tukachagua Debian pekee. Uhakiki tukaufanya kwa njia nyepesi: binti ametengeneza orodha ya hesabu za faili zote, na kila mwezi programu ndogo huzilinganisha.

Jambo moja nawasihi mlishike. Diski mbili zinazoigana si akiba, kwani ukifuta faili katika moja, hufutika katika zote mbili. Nakala ya tatu iko kwa dada yangu, mtaa mwingine, nasi huibadilisha kila mwezi. Maelezo yote yameandikwa kwa Kiswahili katika daftari lililo pamoja na hati za nyumba.

Mwezi wa Shaaban nilisafiri siku nne. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi seva haikuwaka. Mke wangu alifungua daftari, akafuata ukurasa wa tatu, akaiwasha, akamsikilizisha mjukuu kanda ya bibi. Nilipata habari niliporudi.

Basi kabla hamjauliza mfumo upi ni bora, ulizaneni nani nyumbani ataujua.

Wabillahi tawfiq.