Panda Uluguru kwa Miguu Yako

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Dar es Salaam, au wa mji wowote ambamo mtu huamka alfajiri kugombea basi na kurejea nyumbani giza limekwisha ingia, hebu jiulize: mara ya mwisho ulitembea kwa miguu lini? Sisemi kule kutoka kituoni hadi dukani. Nasema kutembea kwa saa tatu, jasho likikutoka, bila ya kuwa na jambo unalolikimbilia wala mtu unayekwenda kumdai.

Mimi nilipoulizwa swali hilo sikuwa na jibu. Aliyeuliza alikuwa daktari, na mbele yake palikuwa na karatasi yenye vipimo vya shinikizo la damu yangu. Nilikuwa na umri wa miaka 47. Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa ni ya kukaa: vitabu vya hesabu za ghala, kiti, meza, chai ya sukari nyingi saa nne na chapati mbili za kuisindikiza. Marehemu baba yangu aliangushwa na kiharusi akiwa na miaka 52, nami nilikuwapo siku hiyo. Kwa hiyo daktari hakuhitaji kunieleza mengi. Alinipa vidonge, akaniambia nitembee nusu saa kila siku, siku tano za juma. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima.

Nilianza mtaani kwetu, nikizunguka uwanja wa shule jioni. Watoto walinicheka, na baada ya juma la tatu nilichoka kuona ukuta ule ule. Ndipo mwenzangu mmoja wa kazini, mzaliwa wa Morogoro, aliponiambia, “Ndugu yangu, wewe huhitaji uwanja. Wewe unahitaji mlima.”

Nilimchukua kijana wangu wa pili, mwenye miaka 16. Nikiri hapa kwamba sikumchukua kwa kuwa alipenda kwenda, bali kwa kuwa mama yake alishika kiuno na kusema nisiende peke yangu. Kwa muda wa mwaka mzima mimi na kijana huyo tulikuwa tukisalimiana tu. Yeye na simu yake, mimi na uchovu wangu.

Siku hizi safari yenyewe ni nyepesi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili. Ukikaribia utaona milima ya Uluguru imesimama kusini mwa mji kama ukuta wa kijani, vilele vimefunikwa mawingu. Mji uko kwenye mwinuko wa kama meta 500 tu juu ya usawa wa bahari, lakini kilele cha Lupanga, kinachouinamia mji huo, kimefikia meta 2,138. Sisi hatukukusudia Lupanga. Tulikusudia Morningside, nyumba ya kale iliyojengwa mlimani na Wajerumani wakati wa ukoloni wao, kwenye meta 1,300 hivi. Jina ni la Kiingereza na nyumba ni ya Kijerumani; mlima ni wa Waluguru.

Nilivaa viatu vya ngozi vya kwendea kazini. Ndiyo, cheka. Nilidhani njia ni njia tu. Baada ya saa moja visigino vilichubuka, pumzi ikawa inatoka kama ya mvukuto, nami nikaketi juu ya jiwe nikijuta. Wazee watakumbuka kwamba Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mimi nilikuwa nimeshindwa na kilomita tatu.

Nikiwa pale juu ya jiwe, akateremka bibi mmoja, miguu mitupu, tenga la kabichi kichwani.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Unaumwa?”

“Hapana, bibi. Nimechoka tu.”

Alinitazama, akavitazama viatu vyangu. “Vua hivyo,” akasema. “Halafu upande polepole. Unakimbia kama mwenye kesi.” Akaendelea kuteremka kuelekea sokoni, na tenga halikutikisika.

Nilivua. Kijana wangu, bila ya kuambiwa, akavifunga kamba viatu vile na kuvining'iniza begani mwake, akachukua na mfuko wangu. Tukapanda polepole. Na hapo ndipo, ndugu msomaji, nilipoanza kuona.

Niliona mashamba ya maharage na karoti yaliyoning'inia juu ya miteremko mikali mno, hata unashangaa mkulima husimama vipi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa ya shokoa, na udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa ukaletwa juu. Wananchi wakakataa, na mwaka 1955 zikazuka ghasia. Habari hiyo mimi niliisoma darasani nikaikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini ukisimama pale na magoti yako yanatetemeka, ndipo unaelewa maana ya kumwamuru mtu achimbe mlima ule kwa jembe la mkono.

Tulipumzika kando ya mto Morogoro, maji yake baridi na meupe. Kijana akauliza, “Baba, haya yanakwenda wapi?” Nikamwambia yanaingia Ngerengere, na Ngerengere unaingia Ruvu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ruvu hii ya bomba letu?” Ndiyo hiyo hiyo. Utakumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji, jinsi tulivyobeba ndoo usiku. Lakini siku hiyo tulikuwa tumechovya miguu huko yanakotoka. Tulizungumza hadi jua likawa la utosi. Mengine aliyonieleza pale ni yake, sitayaandika.

Juu zaidi unaanza msitu, ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukitaka kuingia huko, lipa kiingilio na uchukue kiongozi wa njia. Usijifanye mjuzi, maana ukungu hushuka ghafla. Humo anaishi ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila Uluguru. Sisi hatukumwona. Tulifika Morningside saa nane mchana, tukala viazi vitamu vya baridi, tukautazama mji ulivyo mdogo kule chini. Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, na hilo hakuna aliyenionya. Magoti yaliniuma siku nne.

Sitakudanganya kwamba mlima umeniponya. Vidonge bado nameza, nawe usiache vyako pasipo amri ya daktari wako. Lakini vipimo vimeshuka, na usingizi umerudi. Kila asubuhi nashuka basini vituo viwili kabla ya ofisi, namalizia kwa miguu. Mara moja kila mwezi mimi na kijana tunapanda tena, na safari ya mwezi uliopita mama yake alikwenda nasi, akatutangulia njia nzima.

Ukitaka kwenda, ondoka mjini Morogoro kabla ya saa moja asubuhi. Chukua maji, kofia, koti jepesi la mvua, na viatu vya raba vilivyokwisha kuzoea mguu. Epuka masika, kwani njia huteleza. Na ukikutana na wenye matenga, wapishe wapite upande wa ndani wa njia. Mzigo ni wao, wewe unatembea tu.

Safari ya tano tulikutana tena na yule bibi, pale pale penye jiwe. Alisimama, akanitazama miguuni kabla ya kuitikia salamu.

“Leo umevaa viatu,” akasema.