Kizuri Kisichojiuza: Zau, Kalunga na Mchezo Uliopitwa na Wahakiki

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekuwa kimbilio la wahakiki wengi kwa kuwa inawaondolea taabu ya kutafuta: kazi isiyozungumzwa huchukuliwa kuwa haistahili kuzungumzwa. Hata hivyo, historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe inaisuta imani hii. Lau kazi njema ingalijiuza, pasingalikuwa na haja ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, kuketi akinakili tenzi za watangulizi wake kwa hati za Kiarabu. Kizuri nacho huhitaji mtu wa kukishika mkono. Jambo hili limekwisha kukubaliwa kuhusu tenzi. Bado halijakubaliwa kuhusu utanzu mchanga unaoingia katika nyumba za Waswahili kupitia vioo vya tarakilishi, yaani mchezo wa video.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Tales of Kenzera: ZAU, mchezo uliotolewa tarehe 23 Aprili 2024 na Surgent Studios ya Uingereza, nayo kampuni ya Electronic Arts ikiwa mchapishaji. Mtunzi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi walimfahamu kwanza kwa sauti yake katika Assassin's Creed Origins (2017). Salim alifiwa na babake mwaka 2013. Baba huyo ndiye aliyemsimulia hadithi utotoni, na ndiye aliyemfunza kuipenda michezo ya video. Msiba huo ndio uliozaa kisa cha Zuberi, kijana wa Afrika ya siku zijazo ambaye, baada ya kufiwa na babake, anapewa kitabu kilichoandikwa na marehemu. Ndani ya kitabu hicho mna hadithi ya Zau, mganga kijana anayemwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: Zau atamletea roho tatu kuu zilizomshinda kuzichukua, na Kalunga atamrudisha Baba duniani. Lililo muhimu zaidi kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba mchezaji akipenda anaweza kuwasikia wahusika wakisema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili katika idara ya Kiswahili aliujia mchezo huu bila nia yoyote ya utafiti. Alikuwa amemzika babake. Matanga yalikuwa yamekwisha, jamaa wamerudi makwao, viti vya kukodi vimechukuliwa, na nyumba imebaki na ule ukimya ambao wafiwa wanaujua. Mchana aliambiwa ajikaze kwa kuwa sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Usiku hakupata usingizi. Binamu yake alimwachia kipakatalishi chenye mchezo huo ili walau apitishe saa. Aliuanza kwa Kiingereza, kisha akabadilisha lugha kwa udadisi tu. Usiku wa tatu mamake, aliyekuwa chumba cha pili, alisikia neno "Baba" likitamkwa na kijana asiyemjua. Akaja akasimama mlangoni.

"Ni nani huyo anayemwita babake?"

"Ni mchezo tu, mama. Kijana anataka babake arudishwe."

"Na yule mzee anayefuatana naye?"

"Huyo ndiye Kalunga. Ndiye mauti."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akatazama kwa muda mrefu. Hatimaye aliuliza, "Mbona ana upole hivyo?"

Swali hilo, ingawa liliulizwa na mtu asiyejihesabu kuwa mhakiki, ni swali la uhakiki. Katika fasihi ya Waislamu wa pwani, Ziraili hutumwa kutwaa roho, na anayetumwa hana nafasi ya kubembelezwa. Riwaya ya Kiswahili ya tangu mwaka 1990 imeuvuka mara kwa mara mpaka uliopo baina ya walio hai na wafu: Euphrase Kezilahabi aliuvuka katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), William Mkufya katika Ziraili na Zirani (1999), na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001). Kalunga wa mchezo huu anatoka kwingine. Miongoni mwa Wakongo, jina hilo hutumiwa kwa mpaka wenyewe unaotenga dunia mbili, nao aghalabu husawiriwa kama maji. Katika mchezo mpaka huo umepewa miguu na sauti. Unatembea kando ya mfiwa, unamkanya, unamngoja. Upole aliouona mama si udhaifu wa usawiri. Ndio msimamo wa mtunzi kuhusu mauti: kwamba mfiwa hapigani na adui, bali anafundishwa na mwenzi wa safari ambaye hakumchagua.

Fani nayo inaubeba msimamo huu. Mchezo wenyewe umejengwa kwa umbo la mzingile: mchezaji hupita katika njia zinazopindana, hukuta malango asiyoweza kuyafungua, hupata uwezo mpya mahali pengine, kisha hurejea alikokwisha pita na kupaona upya. Aliyewahi kufiwa anaitambua njia hiyo. Huzuni haiendi mbele kwa mstari ulionyooka. Humrudisha mtu kwenye chumba kile kile, kiti kile kile, kila mara akiwa na nguvu tofauti. Aidha, silaha za Zau ni barakoa mbili alizoachiwa na babake, ya jua na ya mwezi, moja ya moto na mapambano ya karibu, nyingine ya barafu na mapambano ya mbali. Kila pigo, basi, linapigwa kwa urithi. Zaidi ya hayo, njiani mna mibuyu ambayo Zau huketi chini yake akazungumza na Kalunga juu ya marehemu, na kikao hicho humwongezea uhai. Michezo mingi humtuza mchezaji kwa kuua. Huu humtuza pia kwa kukaa kitako na kumtaja aliyekufa. Mwanafunzi yule aliwahi kusema kwamba ni chini ya mibuyu hiyo alikosimamisha mchezo kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa katika matanga ya babake hakuna aliyemwambia aketi.

Lipo jambo jingine linaloihusu nadharia ya fasihi simulizi. Fanani anaposema "Paukwa!" na hadhira isijibu "Pakawa!", hadithi haianzi. Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba hadhira ni mshiriki, lakini mara nyingi ushiriki huo huishia katika kiitikio na makofi. Katika mchezo wa video hadhira asiyejibu kwa vidole vyake huisimamisha hadithi pale pale. Tena hadhira huyu hufa. Mchezaji wa Zau huanguka miibani, huuawa na mizuka, kisha hurejeshwa hatua chache nyuma na kuanza tena, mara kumi, mara ishirini. Mchezaji anafufuka bila kikomo katika hadithi ya mtu asiyefufuka. Kejeli hii haisemwi na mhusika yeyote. Inatendeka katika mikono ya hadhira. Riwaya, kwa umbo lake, haiwezi kuitenda.

La hasha, haidaiwi hapa kwamba kazi hii haina dosari. Mapambano yake hujirudia, na baadhi ya wachezaji wazoefu wameuona mchezo kuwa mfupi. Dosari iliyo nzito zaidi kwa mhakiki ni ya kimaudhui. Mchezo ulitangazwa kuwa umechota katika visasili vya Kibantu. Roho ya Impundulu, ndege wa radi, kweli ni ya Wabantu wa kusini mwa Afrika, na neno "nganga" analoitwa Zau ni ndugu wa "mganga" wa Kiswahili. Hata hivyo, GaGorib ni zimwi la masimulizi ya Wakhoikhoi, nao si Wabantu, na Kikiyaon anatoka Afrika Magharibi. Yamkini mtunzi aliyelelewa ughaibuni aliliona bara zima kama nyumba moja ya urithi, kama wanavyofanya wengi walio mbali. Mhakiki wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza maswali juu ya mchanganyiko huo. Lakini ili aulize, sharti kwanza aitazame kazi yenyewe.

Na hapo ndipo penye tatizo. Mwaka uo huo wa 2024 Salim alijitokeza hadharani kueleza mashambulizi ya kibaguzi yaliyowaandama yeye na wenzake. Mwezi Julai studio ilipunguza wafanyakazi, na Oktoba timu nzima ya michezo ikapewa ilani ya kupunguzwa. Mwaka 2025 mchezo ulipata tuzo ya BAFTA katika kundi la michezo inayovuka mipaka ya burudani, lakini tuzo ilikuja baada ya ilani. Wala Zau si wa kwanza katika njia hii. Kisima Ingitchuna, unaojulikana pia kama Never Alone (2014), ulitengenezwa kwa ushirikiano na Wainupiaq wa Alaska na kusimuliwa kwa lugha yao. Aurion: Legacy of the Kori-Odan (2016) ulitoka Yaoundé, Kamerun, katika studio ya Kiro'o Games. Kila mmoja wao ungeweza kuzaa tasnifu katika idara ya fasihi.

Mwanafunzi yule alijaribu. Aliandika pendekezo la utafiti kuhusu usimulizi wa msiba katika toleo la Kiswahili la Zau, akalifikisha mbele ya jopo. Alisikilizwa kwa adabu. Kisha mzee mmoja wa jopo akamwambia, "Mwanangu, hapa pana mchezo, matini i wapi?" Wengine walicheka, naye hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Alibadilisha mada, akaandika juu ya Babu Alipofufuka, akafuzu vizuri. Zau alibaki katika tanbihi moja ya sura ya tatu.

Swali la mzee huyo si la kupuuzwa, kwani ndilo lililoulizwa zamani kuhusu hadithi za kando ya moto kabla hazijaandikwa. Jibu lililotolewa wakati ule lilikuwa kutenda: watu walichukua daftari na vinasa sauti wakaenda kusikiliza. Kazi ya namna hiyo inahitajika sasa, na haina muda mrefu. Mwaka 2023, shirika la Video Game History Foundation lilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Mitambo huchakaa, leseni hukoma, studio hufungwa. Hati ya utenzi iliyoachwa sandukuni yaweza kungoja karne moja, ilhali mchezo wa video hauwezi. Hatua ya kwanza ni nyepesi: mtu aucheze mchezo wa Zau kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, akinasa sauti, kisha aandike kila usemi wa Zau, wa Kalunga na wa roho zile tatu, ili jopo lijalo likiuliza matini i wapi, iwekwe mezani. Kazi hiyo ingali inangoja mwenyewe.