Tone la Mvua kwenye Jani la Nduma

Wasomaji wangu, leo hakuna habari za seva wala programu. Masika imetunyeshea Nairobi wiki nzima, na kila mvua ikikatika nachukua kamera nateremka kijitoni, kwenye shamba la nduma nyuma ya ploti yetu. Majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Mtu mzima kapiga magoti topeni anapiga picha majani!

Nduma kwa sababu jani lake halishiki maji. Lina vinundu vidogo mno vilivyofunikwa na nta, kwa hiyo maji hujiviringa kama gololi. Na tone linaloning'inia ukingoni ni lenzi kamili: lisogelee, utaona ndani yake kila kilicho nyuma yake, juu chini. Fokasi iweke kwenye picha hiyo ya ndani, si kwenye ngozi ya tone.

Lenzi ya makro ni ghali. Mimi nimegeuza lenzi kuukuu ya milimita 50 nyuma mbele kwa pete ya bei nafuu, nayo hukaribia kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi. Taabu ni kwamba kwa umbali huo, hata ukibana tundu hadi f/16, sehemu inayoonekana sawasawa ni kama milimita 2 tu. Upepo ukipita, kwisha. Ndiyo maana naenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. (Wakati huo utakuta matone kwenye ncha za majani hata kama usiku haikunyesha. Si mvua hiyo, ni maji ambayo mmea wenyewe umeyasukuma kutoka mizizini.)

Wako wanaopuliza maji kwa chupa kisha wakaita mvua. Mimi sitaki, hasa sasa. Wiki jana vigingi vya wapimaji vilipigwa katikati ya nduma, na mama anayelima pale ameambiwa avune alichonacho.

"Na hizo picha unazipeleka wapi, kijana wangu?" aliniuliza.

"Ya kwanza ni yako, mama."

Nimeipata jana. Ndani ya tone moja yumo yeye, kichwa chini miguu juu, ameinama na jembe lake, na kigingi kimesimama pembeni. Jumamosi nitampelekea ya karatasi, mvua ikituruhusu.