Pumzi Si ya Kuazima

Kukoroma huchekwa na walio macho, na mwenye kukoroma ndiye wa mwisho kupata habari zake. Husemwa kuwa fulani amelala fofofo, na sauti yake ikawa ndiyo ushahidi. Ushahidi huo mara nyingine ni wa uongo. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu hulegea mno, ulimi ukarudi nyuma, kaakaa laini likashuka, na njia ya hewa ikazibika. Kifua huendelea kuvuta, lakini hakuna kiingiacho. Baada ya sekunde 10, au 20, au zaidi, ubongo hushtuka, koo hufunguka kwa kishindo, na mwenyewe hulala tena bila ya kujua kuwa alizinduka. Asubuhi kichwa huwa kizito. Mchana husinzia mbele ya wageni. Hali hiyo ikidumu, huandamana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Kwa miezi mingi mke wangu alikesha akisikiliza kimya kilichokuwa baina ya mikoromo yangu, akinigusa bega ili nivute pumzi. Nilipopimwa, pumzi ilionekana kukatika zaidi ya mara 30 kwa saa, kiasi ambacho madaktari hukihesabu kuwa kikali. Dawa niliyopewa ilikuwa mashine ya kupuliza hewa puani. Asili yake ni kazi ya Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliotangaza mwaka 1981 kuwa hewa ikisukumwa puani kwa nguvu ndogo huizuia njia isizibike.

Jambo moja lafaa lifahamike kabla ya mengine: mashine haipumui kwa niaba ya mtu. Hushika mlango uwe wazi tu. Pumzi iingiayo na kutoka ni yake mwenyewe. Adhaniye kuwa anapumuliwa hushindana nayo usiku kucha. Ajuaye kuwa ameshikiwa mlango hutulia. Hewa yenyewe huanza kwa upole, ikaongezeka kidogo kidogo kadiri usingizi unavyokuja.

Starehe iliyobaki imo katika barakoa. Zamani Unguja barakoa lilikuwa vazi la wanawake la kusitiri uso. Yangu hufunika pua tu. Niliizoea kwanza mchana, nikisahihisha kazi za wanafunzi. Mikanda yake haitaki kukazwa kama kamba ya mzigo. Ikikazwa mno, mto wa barakoa hujikunja, hewa ikavujia machoni, na ngozi ikachubuka. Ni vyema kuirekebisha mtu akiwa amekwisha lala, mashine ikipuliza, kwa sababu uso wa aliyelala haukai kama uso wa aliyesimama. Mto huoshwa kila siku kwa sabuni nyepesi, maana mafuta ya ngozi huufanya uteleze.

Mashine yangu ni ya safari, ya gramu 300 hivi, ndogo kuliko kamusi. Zile kubwa huwa na tangi la maji yaliyokenekwa ili pua isikauke, hii haina. Badala yake mna kipande kidogo kinachonasa unyevu wa pumzi itokayo na kuurudisha katika pumzi iingiayo. Mpira wake huingia chini ya chandarua upande wa kichwani, nacho chandarua huchomekwa vizuri mbu wasipate njia. Umeme ukikatika, koo hurudia tabia yake. Kwa hiyo betri ni mali.

Wako waonao kuwa ni unyonge mwanamume kulala amefungwa mpira usoni. Watu hao hao huvaa miwani bila ya haya, ingawa miwani husaidia jicho kama mpira huu usaidiavyo koo. Tena faida si yangu peke yangu: aliyekuwa mlinzi wa pumzi yangu sasa hulala. Basi amsikiaye mwenziwe akinyamaza ghafula katikati ya kukoroma asicheke. Amwambie kukicha, aende akapimwe, maana mwenyewe si rahisi kujua.