Gemu ya Lusahunga italipa? Hesabu hizi hapa wadau

Naandika kutoka kitanda cha juu, chumba ambacho tangu asubuhi hakina maji. Wengi mmekuwa mkiniuliza ile gemu yetu imefikia wapi, na kuna wengine mmeshaanza kuniita bilionea kwenye foleni ya kantini (nawajua). Leo naandika kirefu kidogo maana jambo limekuwa zito. Baba yangu mdogo kule Lusahunga anataka kuuza kiwanja ili hela tutengenezee gemu. Sio utani. Mnunuzi ameshafika na milioni 6, na mzee kanipigia simu na swali moja tu: "Msomi, hiyo kitu inalipa au hailipi?"

Sasa swali la mtu mwenye kiwanja hulijibu kwa "Mungu akipenda". Nimekaa wiki nzima napiga hesabu, desa za watu nimeziacha pembeni.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu, Lusahunga ni pale barabara kubwa ya malori inapotoa tawi la kwenda Biharamulo. Ukinyoosha mbele unaenda Nyakahura, Ngara, mpaka Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, kama kilomita 92 hivi. Malori yanayotoka bandari ya Dar kwenda Kigali na kwingineko yanalala pale, na yakilala, dereva na tingo wake wanakula, wanaoga, na tingo anatafuta pa kupotezea muda. Hapo ndipo baba mdogo alipofungua banda la gemu. Televisheni tatu, pleistesheni za zamani, mechi moja ya mpira shilingi 500. Biashara ni nzuri kuliko mnavyofikiri.

Gemu yetu lakini sio ya mpira. Mimi na mwenzangu wa chumbani tunatengeneza ile aina ya gemu za uhusika, za kompyuta, mtindo wa kizamani: unamchukua mtu mmoja, unatembea naye, unaongea na watu, unachagua cha kujibu, na hadithi inabadilika kwa ulichochagua. Mapigano machache, maneno mengi. Yetu inamhusu tingo ambaye dereva wake ametoweka usiku na lori limebaki na mzigo. Ni miaka ile ya 2000 mwanzoni, enzi ambazo magari yalikuwa yanavuka mapori ya kwetu kwa msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi. Huna bunduki. Una lugha tu, Kiswahili, Kisubi, Kihangaza, Kinyarwanda kidogo cha kuungaunga, na kila lugha inakufungulia mlango mwingine. Mimi naipenda sana hii kitu. Lakini kuipenda na kuiuza ni vitu viwili.

Tuanze na soko la karibu, yaani banda lenyewe. Banda linaishi kwa mechi fupi. Dakika kumi, mmoja kafungwa, anatoa mia tano nyingine kwa hasira. Gemu ya masaa ishirini ya kusoma mazungumzo inaua hiyo biashara kabisa, maana mteja mmoja atakalia televisheni jioni nzima huku wengine wamesimama nyuma wanapiga kelele. Halafu tingo anaondoka alfajiri, hadithi yake imebaki kwenye mashine ya Lusahunga, yeye yuko Kigali. Nilipomweleza baba mdogo hili alicheka akasema, "Sasa si atarudi hapahapa kwangu aendelee?" Kha! Huyu mzee hajasoma biashara lakini nadhani angetufundisha. Hata hivyo, akirudi baada ya wiki mbili analipa mara moja, wa mpira analipa mara sita usiku mmoja. Banda haliwezi kurudisha hela ya kiwanja.

Basi mnunuzi yuko wapi? Yuko mbali, ana kadi ya benki, na anapenda aina hii ya gemu kiasi cha kutafuta hata zilizotengenezwa na watu wawili. Duka lake ni Steam. Pale kuweka gemu moja ni dola 100, na wanakurudishia ukishauza za dola 1,000. Hiyo hata kwa bumu letu inawezekana tukifunga mkanda. Tatizo ni kelele: mwaka 2024 peke yake ziliwekwa gemu zaidi ya 18,000 mle ndani. Ni sawa na kupanga nyanya zako Kariakoo siku ambayo nchi nzima imevuna nyanya.

Nikaangalia waliotutangulia, maana sisi sio wa kwanza Afrika kuota hivi.

Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Gemu ya kompyuta, ya pande tatu, mwanamke anatafuta vitu vya kale vya Afrika. Wakati ule kulipia kitu mtandaoni kutoka huku kwetu ilikuwa hadithi nyingine, M-Pesa ndio kwanza ilikuwa inazaliwa Kenya mwaka huohuo. Baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, na kazi yao ikaelekea kwenye simu na vibonzo. Yaani walifuata mteja alipo.

Cameroon, Olivier Madiba alianza kuota Aurion mwaka 2003 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Yaoundé, kama sisi tu. Gemu ilitoka Aprili 2016. Hesabuni wenyewe, miaka 13. Katikati hapo aliuza hisa ndogondogo kwa watu wa mataifa mbalimbali kupitia intaneti, na mwaka 2015 akachangisha zaidi ya euro 40,000 kwenye Kickstarter. Hii ndiyo jamaa ya karibu zaidi na yetu, gemu ya uhusika yenye wafalme na mila za Kiafrika. Walichofanya baada ya hapo kampuni yake, Kiro'o, ndicho kilichonifumbua macho: walitengeneza gemu ya simu kuhusu mtu anayepanda ngazi serikalini, inayochekesha, ya watu wa nyumbani. Ile kubwa ya kompyuta iliwapa jina, ila kwa mteja wa mtaani kwao ilibidi watafute kitu kingine.

Na sasa hii ya tatu ndiyo inayoniuma, maana inaongea Kiswahili. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, alitoa Tales of Kenzera: Zau Aprili 2024. Kijana anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Salim aliitengeneza kwa sababu ya kufiwa na baba yake mwenyewe. Ukitaka, wahusika wanaongea Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi niliisikiliza kwenye kompyuta ya rafiki nikakaa kimya, hata sikumaliza chips. Mchapishaji wake alikuwa EA, hivyo hakuna wa kusema jamaa hakupata nguvu ya matangazo. Pamoja na hayo yote, Julai 2024 studio yake ya Surgent ilipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi, na Oktoba mwaka huohuo akatangaza kwamba timu ya gemu inasimamishwa mpaka apatikane wa kutoa hela ya mradi unaofuata. Mradi wenyewe uliitwa Uso. Na Uso ni nini? Gemu ya uhusika, ya kutazamwa kutoka juu, kama hizi tunazozipenda. Mwekezaji alikuja kupatikana, Wajapani wa Pocketpair, lakini gemu iliyotoka kwa mkono wao Julai 2025 haikuwa Uso. Ilikuwa Dead Take, ya kutisha, ndogo zaidi.

Mwenzangu wa chumbani hapa ananiambia nawatisha watu. Anasema Disco Elysium ya mwaka 2019 ilikuwa maneno matupu mwanzo mwisho, hakuna hata vita vya kawaida, na iliuza dunia nzima. Kweli. Undertale ya 2015 kwa sehemu kubwa aliitengeneza mtu mmoja, ikauza mamilioni. Kweli tena. Lakini mimi sipendi kupanga maisha ya baba mdogo kwa kumwangalia aliyeshinda bahati nasibu. Mfano ninaouamini ni wa Jeff Vogel wa Seattle. Huyu mzee na kampuni yake ndogo ya Spiderweb anatengeneza gemu za uhusika tangu 1994. Picha zake ni za kawaida sana, hata yeye mwenyewe anakubali. Hajawahi kuwa tajiri wa kutisha, lakini amelea familia kwa kazi hiyo. Siri yake sio siri: gharama ziwe ndogo kabisa, hadithi iwe nzuri, na usikimbilie kushusha bei, kwa sababu wapenzi wa aina hii ni wachache na hawana pengine pa kwenda. Wachache hao hao wananunua kila unachotoa.

Sasa hesabu zenyewe, chukueni kalamu. Tuseme bei ni dola 15. Steam inakata asilimia 30, inabaki 10 na nusu. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi, kwa hiyo kwa wanunuzi wa Marekani inakatwa tena asilimia 30 ya fungu letu, inabaki saba na ushee. Bado watu wengi wanasubiri punguzo la bei ndipo wanunue, na mnunuzi akicheza chini ya masaa mawili ana siku 14 za kurudisha na kudai hela yake. Nimepiga wastani wa dola 5 kwa nakala moja. Kwa shilingi 2,500 kwa dola (nimerahisisha, msinishike koo) ni 12,500. Gharama zetu: watu wawili, miaka miwili, laki nne kwa mwezi kila mmoja, ni milioni 19 na laki mbili. Weka ada, mchoraji wa kuazima na vocha za intaneti, sema milioni 20. Gawanya. Nakala 1,600 ndipo tunafika sifuri. Sio faida, SIFURI.

Nakala 1,600 sio mlima Kilimanjaro, kuna watu wadogo wanafika. Ila wengi hawafiki, na anayefika mara nyingi ni kwenye gemu ya pili au ya tatu, akishajulikana. Kiwanja cha milioni 6 kinatubeba kama miezi saba tu kati ya ile 24. Mwezi wa nane tungekuwa hatuna kiwanja, hatuna gemu, na mimi niko kwenye sup.

Kuna kitu kimoja ambacho mwenzangu ameshinda ubishi. Mimi nilitaka tuandike Kiingereza tupu kwa sababu mnunuzi yuko huko. Yeye kasema gemu za msituni za Kiingereza zimejaa, ila ya tingo wa Lusahunga yenye maandishi ya Kiswahili na Kiingereza pembeni haipo, na Zau imeonyesha kwamba mtu wa mbali hakimbii Kiswahili, anakifurahia. Mchezaji asiyeelewa neno anajikuta kama tingo wetu mwenyewe mbele ya mtu anayeongea Kihangaza. Hapo nimekubali. Hiyo ndiyo bidhaa tuliyonayo ambayo wale wengine 18,000 hawana.

Simu niliipiga Jumapili jioni. Shikamoo baba mdogo, marahaba, ng'ombe wazima, haya. Nikamwambia: inaweza kulipa, kidogo, na kwa kuchelewa, na sio kwa hela ya ardhi. Usiuze. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Nadhani aliumia, maana kwenye banda alishawatangazia watu kwamba mtoto wake anatengeneza gemu ya Lusahunga. Halafu akauliza, "Na hiyo ya kwenye simu, ya dakika kumi, haiwezekani?" Nikamwambia hiyo tuongee likizo, nikija.

Kwa hiyo mpango ni huu. Tunatengeneza sura ya kwanza tu, masaa mawili, usiku mmoja kutoka Lusahunga hadi Nyakahura. Tunaitoa bure, tunahesabu wangapi wanaisubiri ya kulipia. Wasipofika elfu kadhaa, inabaki kuwa kazi ya wikiendi na mimi natafuta ajira kama wengine. Dola 100 tumeshaanza kuzitenga, yeye 30, mimi 20, bumu likitoka tunamalizia. Anayejua kuchora malori, hasa yale ya Fuso ya zamani yenye maandishi nyuma, anitafute pale kantini. Malipo ni chipsi kavu kwa sasa. Na anayejua Kisubi fasaha kuliko mimi, tafadhali sana, bibi yangu amechoka na simu zangu.