Kibanja cha Baba na Dada Zangu

Sisi Wahaya humtambua mtu kwa kibanja chake. Humo, katikati ya migomba na mibuni, ndimo walimozikwa mababu zetu. Nilipokuwa kijana nilijivunia utambulisho huo, hadi nilipong'amua kwamba dada zangu watatu, waliopalilia migomba ile kuliko mimi, hawakuhesabiwa kuwa warithi sawa nami.

Huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba ubaguzi huu haukuishia kwenye desturi. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwaweka watoto wa kike katika daraja la tatu, yaani la mwisho. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu jijini Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikatamka usawa wa mwanamke katika kumiliki ardhi. Lakini sheria haiingii yenyewe katika kikao cha ukoo. Sharti awepo mtu wa kuibeba.

Desemba hii Baba atagawa kibanja. Nitasimama mbele ya wazee niombe fungu langu lisizidi la dada yangu yeyote. Wapo watakaosema kwamba usomi umenipoteza. Nitawajibu kwa heshima kuwa somo hili sikulipata chuoni. Baba ndiye aliyetulisha sote juu ya jani moja la mgomba, wala hakumpunja binti.